Ndege wa manjano kanasa kwenye ulimbo wa mwanangu: nimsafishe vipi, na ni kweli hayupo pengine ila Pemba?

MshonajiMakangale · Jumamosi, saa 1:40 asubuhi

Assalaam aleikum nyote. Nipo Makangale, Pemba, karibu kabisa na unapoanzia msitu wa Ngezi. Naandika haraka kwa sababu ndege mwenyewe yumo kapuni hapa jikoni, ananitazama.

Kazi yangu ni cherehani, na nina shamba alilotuachia marehemu baba: mipapai thelathini na mbili, mishokishoki minne, mpera mmoja mkongwe na mikarafuu iliyobaki. Mapapai nayapeleka Konde sokoni, ndiyo yanayonunua madaftari na viatu vya skuli. Mwaka huu nimelalamika sana kuhusu ndege. Papai likianza kupiga manjano tu, siku ya pili lina tundu, siku ya tatu lina sisimizi. Mwanangu wa miaka kumi na moja kanisikia nikilalamika kila jioni, akaona anisaidie. Jana kachemsha utomvu wa fenesi na mafuta, akapaka vijiti, akavifunga juu ya mipapai. Sikumtuma. Lakini maneno aliyasikia kwangu, kwa hivyo na mimi nina sehemu yangu.

Leo alfajiri nimekuta wawili. Mmoja keshakufa, kaning'inia kichwa chini. Mwengine yu hai. Ni mdogo, hajai kiganja. Mgongo wa kijani kama jani changa la mchungwa, tumbo manjano makali kama bizari mbichi ukiikata. Baina ya jicho na mdomo peusi, na jicho lenyewe limezungukwa na duara jeupe jembamba, kama mtu kakaa na sindano akalidarizi kwa uzi mmoja. Bawa la kulia na mkia vimejaa ulimbo. Nimemfunika kanga.

Mwaka jana wageni wawili walisimama na darubini zao chini ya mpera wangu karibu saa nzima, na kijana aliyewatembeza akaniambia ndege huyu hayupo pahala popote ulimwenguni ila hapa Pemba. Nikamwambia haya, nikarudi kwenye cherehani yangu. Leo ninaye mkononi, na moyo wake unakwenda mbio kama sindano ya cherehani kwenye kitambaa chepesi.

Naomba anayejua aniambie namna ya kuutoa ulimbo bila ya kumuua. Na kama yale maneno ya yule kijana ni kweli, niyajue vizuri, maana nina mtoto wa kumweleza.

---

Mkulima_Muheza · saa 1:58 asubuhi

Pole dada yangu. Huyo kwa maelezo yako ni kinengenenge. Huku Muheza wapo tele, wanapita kwenye michungwa kundi zima wakinong'ona, dakika tano wamekwisha kuondoka. Kwa hiyo hilo la Pemba peke yake silioni. Ulimbo jaribu mafuta ya taa, kidogo tu kwa kitambaa. Mapapai yafunike na nyavu.

---

MzeeWaNgezi · saa 2:05 asubuhi

Bibie, mafuta ya taa usiyaguse! Yanaunguza ngozi, na ule mvuke wake peke yake unatosha kumuua ndege ambaye uzito wake ni kama gramu kumi. Ndugu wa Muheza kasema kwa nia njema, lakini hapana.

Kwanza mtume kijana akavitoe vijiti vyote mitini, sasa hivi. Yeye ndiye anayejua kaviweka wapi.

Halafu chukua unga mkavu, wa ngano au wa sembe, umnyunyizie pale penye ulimbo ili manyoya yasizidi kushikana na asijigandishe na kapu. Kisha mafuta ya nazi, tone moja moja, kwa pamba au ncha ya kitambaa. Sugua kufuata unyoya unakolala, usirudi kinyume. Ulimbo utalainika na kuja wenyewe. Usimloweshe mafuta mwili mzima, manyoya yaliyojaa mafuta hayashiki joto na atakufa kwa baridi hata huku kwetu. Ukimaliza, maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, kisha maji matupu, kisha mkaushe kwa kumgusa gusa na kitambaa. Mshike dakika chache tu kwa mara moja. Akihema mdomo wazi, mrudishe kapuni apumzike gizani, penye joto na pasipo kelele, ndipo uendelee.

Mpe papai bivu au ndizi iliyoiva sana. Maji yenye sukari kidogo kwenye kifuniko cha chupa. Ndege wa kiasi hicho hawezi kushinda kutwa bila kula. Mkate na maziwa usimpe.

Nenda kafanye. Hayo mengine tutazungumza ukirudi.

---

MshonajiMakangale · saa 4:30 asubuhi

Shikamoo mzee, na Mungu akulipe. Vijiti vilikuwa kumi na kimoja, kaniletea vyote, nimevichoma. Ulimbo umetoka kwa mafuta ya nazi kama ulivyosema, nimemfanya kwa mafungu manne. Bawa zima. Mkiani kapoteza manyoya mawili.

Kala papai! Lakini nimeona kitu kikanitisha. Akidona anatoa ulimi upesi upesi, na ncha ya ulimi naiona imechanika chanika kama brashi kuukuu. Ni ulimbo umemtoa ngozi, au ndivyo alivyo?

---

MzeeWaNgezi · saa 5:15 asubuhi

Marahaba bibie. Alhamdulillahi. Usihofu, ulimi ndivyo ulivyo. Ndege wa ukoo huu wana ncha ya ulimi iliyogawika kama brashi, wanafutia asali ya maua na maji ya matunda. Mimi nimewatembeza watu Ngezi miaka mingi na wachache sana wameuona ulimi huo kwa macho, maana ndege hakai akakungoja. Wewe umeuona jikoni kwako.

Sasa la asili yake. Ndugu wa Muheza hakosei kwamba kwao vinengenenge wapo. Wapo bara, wapo Ukomoro, wapo Bara Hindi, wapo mpaka visiwa vya Pasifiki. Ukoo huu una zaidi ya jamii mia moja, na karibu zote ni mtindo mmoja: kijani, manjano, na duara jeupe la jicho. Hata jina lao la kitaalamu, Zosterops, ni la Kigiriki, maana yake ni mkanda wa jicho. Lakini wa Muheza na wa Pemba si mmoja. Wetu anaitwa Zosterops vaughani, jina lililotolewa mwaka 1924 kwa heshima ya Vaughan, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar na kuchunguza ndege wa visiwa hivi. Huyo anaishi kisiwa cha Pemba na vijisiwa vyake vya jirani. Hapo ndipo mwanzo na mwisho wake. Yule kijana alikwambia kweli tupu.

Na si peke yake. Tuna ninga wetu, yule njiwa wa kijani anayekula kuyu. Tuna chozi wetu. Tuna bundi wetu mdogo, anayelia usiku Ngezi. Wote wanne ni wa Pemba tu, kisiwa kisichofika kilomita sabini toka ncha ya kaskazini mpaka ya kusini. Unguja, ingawa ni kubwa kuliko sisi, haina ndege wanne wa namna hiyo. Mwambie kijana wako sababu, ataipenda: Unguja imekaa kwenye maji mafupi, na zama za baridi kali bahari iliposhuka ilikuwa imeungana na bara, ndege na wanyama wakipita kwa miguu na kwa mabawa. Pemba ina mkondo wake, una kina cha mamia ya mita. Bahari iliposhuka, sisi tulibaki kisiwa vilevile. Aliyefika alifika kwa upepo au kwa bahati, akakaa peke yake muda mrefu mpaka akawa mwengine. Ndiyo mpapindi pia, mnazi-mwitu wa Ngezi, haupo pengine.

Lile la mapapai nalo tulisemee kweli, maana ni riziki yako. Sitasema kinengenenge hana hatia kabisa. Tunda lililoiva likawa laini, pera hasa, anaweza kulitoboa. Lakini papai ambalo ngozi yake bado ngumu halifungui na kimdomo kile, chembamba kama sindano yako ya mkono. Anakuja baada ya mwengine kufungua, au lilipopasuka lenyewe. Angalia tundu: likiwa pana na limeng'atwa, na chini kuna makapi ya nyuzi yaliyotafunwa yakatemwa, huyo ni popo. Likiwa na alama za meno madogo pembeni ya kikonyo, panya. Kinengenenge anaacha vitundu vidogo, au anasafisha ndani ya tundu la wenzake.

Mchana kutwa wakipita kwenye miti yako, kazi yao nyingine ni wadudu. Wageuzie macho asubuhi moja, utawaona wananing'inia kichwa chini wakichungulia mgongo wa kila jani: vidukari, viwavi wadogo, mayai ya wadudu. Hakuna dawa ya duka itakayokagua jani moja moja hivyo. Na tunda dogo dogo la mwituni wanalimeza na kokwa yake, wakaenda kuliachia kwengine. Nusu ya vichaka vinavyoota chini ya minazi ya watu, nani kavipanda?

Papai lichume linapopiga mstari wa manjano wa kwanza, liivie ndani. Yale ya juu unayotaka yaivie mtini, yafunike na mfuko wa gunia au ukili, ufunge kwenye kikonyo. Nyavu siziungi mkono, ndege hujinyonga humo, na nyuzi zake nyembamba hazitofautiani sana na ulimbo.

---

Forodhani_M · saa 6:02 mchana

Mzee, heshima yako. Nina swali la kweli, silibishi kwa kubisha. Nimefanya kazi Wete miaka miwili, hawa ndege nilikuwa nawaona kila ua, kila mkarafuu. Ni wengi. Huyu mama ana mapapai ya kuuza na watoto wa kulea. Kwa nini abebe uzito wote huu kwa ndege ambaye yupo kila mti?

---

MzeeWaNgezi · saa 7:20 mchana

Swali zuri mwanangu, na ndilo nililoulizwa mara nyingi kuliko lolote. Ni kweli ni wengi. Wataalamu hawamhesabu miongoni mwa walio hatarini, na mimi nashukuru kwa hilo. Lakini nitakupa mfano wa jamaa yake.

Kuna kisiwa kinaitwa Guam, Bahari ya Pasifiki, eneo lake limezidi kidogo nusu ya Pemba. Walikuwa na kinengenenge wao. Naye alikuwa ndege wa kila siku, wa kila kichaka, hakuna aliyemtazama mara mbili. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia akaingia nyoka mmoja wa mitini, alikuja amejificha kwenye mizigo ya jeshi. Guam haikuwa na nyoka wa namna hiyo, ndege wake hawakujua kumkimbia. Nyoka akala mayai, makinda, na mama alipokuwa amelalia. Kinengenenge wa Guam alionekana mara ya mwisho mwaka 1983. Takriban miaka arubaini tu, ndege wa kila ua akawa ndege wa makumbusho.

Na msitu ukaona. Leo misitu ya Guam iko kimya asubuhi. Buibui wameongezeka mara nyingi, utando umetanda baina ya miti, kwa sababu ndege waliokuwa wakila buibui na wadudu hawapo. Matunda ya mwituni yanaanguka chini ya mama yao na kuoza palepale, hakuna wa kuyabeba, na miche haioti pale miti mikubwa inapoanguka. Mtu hukata msitu kwa shoka. Kule umeanza kupungua bila ya shoka.

Mwengine alikuwa kisiwa cha Lord Howe, mashariki ya Australia. Mwaka 1918 meli Makambo ilipanda mwamba, panya wakaogelea nchi kavu. Katika miaka michache walikwisha ndege wa jamii tano, mmoja wao kinengenenge mkubwa wa hapo.

Sasa tazama. Wa Muheza akitoweka Muheza, Allah aepushe, yupo Morogoro, yupo Iringa, atarudi. Wa kwetu akitoweka Pemba, atarudi kutoka wapi? Bandari ya Wete na ya Mkoani zinapokea vyombo kila wiki. Ndiyo maana mimi ndege mmoja aliyenasa simwoni mmoja.

Sikumwambia Bi Mshonaji aache mapapai yake. Nimemwambia namna ya kuyavuna. Na yale ya popo tuliyapitia vilevile: popo wakubwa wa Pemba, ambao nao ni wa hapa tu, waliwindwa mpaka wakawa wachache mno, leo ukienda Kidike unawaona wametundikwa mitini kwa maelfu na wanakijiji wanapata chochote kwa wageni. Tuliambiwa haiwezekani. Imewezekana na mimi nimeiona.

---

Mngazija_Marseille · saa 9:45 alasiri

Salaam kutoka Ufaransa. Mimi ni Mngazija, Kiswahili nimejifunza Unguja nilikosoma. Uzi huu umenigusa ndani.

Kwetu Ngazija kuna kinengenenge anayekaa juu ya mlima Karthala tu. Mlima ule ni volkeno, umepanda mita 2,361, ulitoa moto mwaka 2007. Yeye haonekani mjini. Unapanda toka usiku, unapita msitu, msitu unakwisha, ukungu unaingia, unaanza vichaka virefu vya majani membamba magumu. Hapo ndipo alipo. Ukishuka humwoni tena, chini anakaa jamaa yake mwengine. Nimepanda na mjomba wangu nikiwa na miaka kumi na minne. Baridi ilinitoa machozi, nikamsikia kabla sijamwona. Jina lake la kitaalamu limetokana na Moroni, mji wetu mkuu, na huko Moroni wengi hawajui kwamba yupo. Moto ukiwashwa kule juu kusafisha malisho, anapungukiwa na nchi, na hana mlima mwengine wa kuhamia.

Mayotte nako wana wao, mwenye ubavu wa rangi ya hudhurungi iliyokolea. Kila kisiwa na wake. Hawa ndege ni wasafiri wakubwa kisha ni wakaaji wakubwa. Katikati ya karne ya 19 kundi moja lilivuka bahari kutoka Australia likafika New Zealand, na Wamaori wakamwita tauhou, yaani mgeni. Sisi Wangazija tuliotawanyika Marseille jina hilo tunalielewa bila ya tafsiri.

Bi Mshonaji, anaendeleaje?

---

Mkulima_Muheza · saa 10:10 jioni

Nimesoma yote. Mzee, nimekubali kosa la mafuta ya taa, ningemuua. Dada, naomba radhi. Kuhusu aina, kesho nikienda shambani nitawatazama wetu kwa karibu. Nimeishi nao miaka arobaini na sikuwahi kuwatazama midomo wala ndimi.

---

MshonajiMakangale · Jumapili, saa 3:15 asubuhi

Mkulima, huna kosa, ulikuwa wa kwanza kuitika. Mngazija, ahsante kwa mlima wako, mwanangu kaniomba nimsomee mara mbili.

Usiku nilimweka chumbani kwangu, kapu juu ya kabati kwa ajili ya paka. Alfajiri nikasikia mlio mdogo laini. Nikamtoa mpaka kwenye mpera, nikafungua kanga. Hakuruka. Alikaa ukingoni mwa kapu akijinyoosha bawa la kulia, akilipitisha mdomoni unyoya mmoja mmoja, kama mtu anayekagua mshono wake. Mimi na mwanangu hatukusema kitu.

Kisha wenzake wakaja. Wanane au tisa, wanapita mti kwa mti na ule mnong'ono. Walipofika juu yetu akaitika, akaruka. Mara ya kwanza kapepesuka kwa ajili ya mkia, kakamata tawi la chini. Mara ya pili kafika. Wawili wakamsogelea, mmoja huku mmoja huku, wakabanana naye begani kwa bega kwenye tawi moja, na yule wa kushoto akaanza kumchambua shingoni. Nimekaa chini ya mpera ule miaka yangu yote na jambo hilo sikuwahi kuliona.

Yule aliyekufa tumemzika hapohapo. Mwanangu kauliza kama alikuwa na makinda. Sikumwambia hapana. Tulipoinua macho kutafuta, tukaona kwenye panda ya tawi la mkarafuu kikombe kidogo cha nyuzi za majani kilichofungwa kwa utando wa buibui, kinaning'inia. Kitupu, sijui cha lini, lakini kafurahi kukiona na hataki mtu akiguse.

Nimekwenda kuyatazama mapapai yangu kama mzee alivyonielekeza. Matundu sita: manne yameng'atwa pana na makapi yako chini. Mawili yana meno. Vitundu vya sindano nimevikuta kwenye mapera tu, na mapera siuzi.

Tumeanza kushona vifuko. Cherehani inashona upesi kuliko alivyofikiri. Tumemaliza kumi na nne, gunia limekwisha. Kama yupo mtu Konde au Wete mwenye magunia ya karafuu yaliyochakaa, nitayanunua, na nitamtuma kijana ayafuate kwa baiskeli.